Kesadia ya kuku imekugomea? Soma dalili, kisha fuata chanzo

Kesadia imetoka Meksiko, na kwa asili yake ni chakula cha kawaida kabisa: tortila (chapati nyembamba ya Kimeksiko), jibini inayoyeyuka, na nyama au mboga kidogo ndani. Unakunja, unaweka kwenye kikaango chenye mafuta kiduchu, unageuza mara moja, unakata, unakula ikiwa ya moto. Kama kila kitu kiko tayari, kazi ya motoni haizidi dakika tano. Mtu aliyerudi kazini saa kumi na mbili jioni na kukuta watoto wana njaa anaweza kuwawekea chakula cha maana kabla hata maji ya ugali hayajachemka.

Shida ni kwamba ndani ya dakika tano huna nafasi ya kurekebisha. Mchuzi ukikuzidi chumvi unaongeza maji, ukikolea sana unapunguza moto, mambo yanakaa sawa. Kesadia ikiungua imeungua. Kwa hiyo kasoro zake nyingi hazianzii motoni. Zimeanzia mezani, kwenye friji au kwenye bakuli la unga. Kikaango chenyewe kina kazi mbili tu: kuipa chapati rangi kwa nje, na kuyeyusha jibini ishike vilivyomo. Hakiivishi kuku, hakikaushi nyanya, hakilainishi chapati iliyokakamaa. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, jiulize kwanza ni kazi gani umekiachia kikaango ambayo ilitakiwa iwe imeshaisha.

Sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete tuna mambo mawili ya kuongeza hapo: baridi na mwinuko. Mapishi mengi tunayoyakuta mtandaoni yanachukulia kwamba jibini italainika yenyewe mezani, kwamba chapati iliyopoa bado inakunjika, kwamba maji yanachemka kwa nyuzi 100. Jikoni Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa Julai, hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli.

Kipimo cha kulinganishia

Ili tuelewane, hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kesadia sita za kukunja. Unga wa ngano vikombe viwili (kama gramu 250), chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, na maji ya vuguvugu kuanzia nusu kikombe, ukiongeza kidogo kidogo hadi unga ushikane na kuacha kunata mikononi. Kanda dakika tano, funika, acha utulie nusu saa. Gawa madonge sita, sukuma kila moja hadi upana wa sahani ndogo, choma kwenye kikaango kikavu hadi madoa ya kahawia yatokee pande zote mbili, kisha zifunge zote pamoja kwenye kitambaa safi. Kuku aliyeiva na kuchambuliwa vikombe viwili. Jibini gramu 300. Hoho moja na kitunguu kimoja, vikatwe vyembamba na kukaangwa. Kama yako ina tofauti kubwa na hii, anzia hapo kutafuta chanzo.

Nje imeungua, ndani jibini bado ngumu

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na karibu kila mara kinacholaumiwa ni jibini. Jibini haina kosa. Inaanza kulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi 55 hadi 65 hivi, joto ambalo si kubwa hata kidogo. Kinachotokea ni kwamba moto wa chini umeipita kasi: ngozi ya chapati imeshakuwa nyeusi kabla joto halijafika katikati.

Chanzo cha kwanza ni moto wenyewe. Wanaotumia mkaa ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu jiko la mkaa lililowaka vizuri ni zuri kwa kuchemsha maharage na ni kali mno kwa kesadia. Usisubiri jiko lipoe lenyewe. Ondoa makaa yaliyokolea kwa koleo, bakiza tabaka moja tu, kisha funga kile kidirisha cha chini cha majivu ili hewa ipungue. Makaa yakianza kuvaa majivu meupe juu, hapo ndipo penyewe. Kwenye gesi, shusha hadi moto mdogo, halafu subiri dakika mbili kabla ya kuweka chochote, maana kikaango kizito huendelea kubeba joto la mwanzo.

Kupima ni rahisi. Nyunyiza matone mawili ya maji kwenye kikaango kikavu. Yakitulia tu bila sauti, bado. Yakichemka kwa mlio na kukauka ndani ya sekunde mbili au tatu, weka kesadia. Yakijikusanya kama shanga na kukimbiakimbia, moto umezidi sana. Kitoe kikaango jikoni, kiweke pembeni kidogo, upime tena.

Chanzo cha pili ni baridi ya jibini. Imetoka friji, imekatwa vipande vinene vya ukubwa wa kidole, imewekwa moja kwa moja. Kipande kama hicho hakiyeyuki kwa dakika nne. Ikwaruze kwa greta ileile ya karoti ingali baridi, maana hapo haivurugiki, kisha iache kwenye bakuli karibu na jiko wakati unachambua kuku. Jibini iliyokwaruzwa nyembamba na kupoteza baridi yake huyeyuka kabla chapati haijapata rangi nzuri.

Chanzo cha tatu ni kuku kutoka friji. Watu wengi hutumia kuku aliyebaki jana, na hilo ni jambo jema, lakini kuku mwenye baridi katikati ya kesadia huinyima jibini joto kutoka ndani. Mpashe kwanza hadi atoe mvuke.

Halafu mfuniko. Kama unatumia jiko la mkaa, nakusihi usipike kesadia bila mfuniko kwa ule upande wa kwanza. Weka kesadia, funika dakika moja na nusu, na joto litakalokusanyika juu litaanza kazi ya kuyeyusha. Ukigeuza, usifunike tena, ili mvuke utoke na chapati ikauke. Ukifunika pande zote mbili utapata jibini iliyoyeyuka vizuri ndani ya chapati laini kama ya kuvukishwa, na hiyo ni dalili nyingine kabisa.

Jibini haiyeyuki hata ukiiacha dakika kumi

Moto ni mdogo, mfuniko upo, subira ipo, na jibini imekaa vilevile: imetoa maji, imekauka kingo, ina rangi ya kahawia, haivutiki. Mtoto anakata kipande na kuuliza, "Mama, mbona haivutiki kama ile ya kwenye simu?"

Hapo umetumia jibini isiyoyeyuka kwa asili yake. Jibini iliyogandishwa kwa limao au siki, ile ambayo wengi wetu tunaitengeneza nyumbani kwa kuchemsha maziwa na kuyakamulia limao, haitayeyuka kwa moto wowote. Kinachoiwezesha jibini kuyeyuka na kuvutika ni namna protini za maziwa zilivyounganishwa na madini ya kalisi. Asidi nyingi pamoja na joto la kuchemsha huyatoa madini hayo, na protini hushikana zenyewe kwa zenyewe moja kwa moja. Ukiipasha, inakaza zaidi. Ndiyo maana Wahindi huikaanga panir, jibini yao ya namna hiyo, kwenye mafuta na vipande vyake hubaki na umbo lake.

Usiitupe. Ina ladha nzuri, na kwa wilaya yenye maziwa mengi kama Rungwe ni njia nzuri ya kuyatumia. Ivunjevunje, ichanganye na kuku kama sehemu ya mchanganyiko wa ndani, halafu tumia kiasi kidogo cha jibini inayoyeyuka kama gundi.

Zinazoyeyuka ni hizi: mozarela, ambayo inavutika sana na ina ladha ya upole, gauda changa, ambayo kwangu ndiyo bora kwa kesadia kwa sababu inayeyuka laini na ina ladha, na cheda, yenye ladha kali zaidi lakini huachia mafuta ikizidiwa moto. Ukienda dukani, uliza kama ni jibini ya kuyeyusha, kwa mfano ya kuweka kwenye piza. Muuzaji wa jibini anaelewa swali hilo.

Vile vipande vya mraba vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya plastiki vinayeyuka vizuri sana, kwa kuwa vimewekewa chumvi maalumu zinazozuia mafuta na protini kuachana. Vina chumvi nyingi, kwa hiyo punguza chumvi ya kuku. Sioni ubaya wa kuchanganya nusu kwa nusu na mozarela kama bajeti ndiyo inayosema. Jibini inayouzwa ikiwa tayari imekwaruzwa nayo ina jambo lake: imepakwa wanga ili isishikane kwenye pakiti, na wanga huo huichelewesha kuyeyuka. Kama una uwezo wa kuchagua, nunua kipande kizima.

Ikiwa jibini iliyeyuka vizuri halafu ghafla ikageuka mafuta ya njano yenye vinyuzi vigumu ndani, hiyo ni kinyume chake: imekaa motoni muda mrefu. Protini zimekaza na kuyakamua mafuta nje. Hairudi. Safari ijayo itoe mapema.

Chapati inavunjika ukikunja, au inapasuka mgongoni

Wengi wetu hatuna tortila za dukani, na sioni sababu ya kuzihangaikia. Lakini chapati ya kusukuma ya kawaida, ile ya kupaka mafuta, kuviringa kama konokono na kusukuma tena, ina shida mbili kwenye kesadia. Ni nene, kwa hiyo joto linachelewa kufika ndani. Na ina matabaka, kwa hiyo ukigeuza, tabaka la nje linabaki kwenye mwiko na la ndani linabaki na jibini. Kwa kesadia, sukuma mara moja tu bila kuviringa, na isukume nyembamba kuliko unavyodhani inatosha.

Kama imekuwa nyembamba na bado inavunjika, angalia haya.

Unga ulikuwa mkavu. Mtu akiona unanata anaongeza unga, anaongeza tena, mwisho donge ni gumu. Uache unate kidogo. Ile nusu saa ya kutulia itaumaliza mnato. Wakati wa baridi nusu saa haitoshi, kwa sababu donge la unga likipoa hukaza na kurudi nyuma kila ukisukuma. Tumia maji ya moto ambayo kidole kinayavumilia, funika bakuli kwa kitambaa na uliweke karibu na jiko, si dirishani.

Chapati ilikaa kikaangoni muda mrefu. Dakika moja kila upande inatosha kabisa, maana itarudi motoni. Ukiichoma hadi iwe ngumu mara ya kwanza, mara ya pili itakuwa biskuti.

Haikufunikwa ilipotoka. Mvuke wa chapati yenyewe ndio unaoilainisha. Zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya hotpoti.

Chapati ni ya jana. Wanga uliopikwa hukakamaa unapopoa, na hukakamaa haraka zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye joto la kawaida la chumba. Usiku wa Juni au Julai, kabati la jikoni Mbeya au Makambako lina baridi ya kutosha kuikakamaza, ndiyo maana chapati ya jana huku inavunjika kama karatasi kavu wakati ya Dar es Salaam bado inakunjika. Dawa ipo na ni ya sekunde chache: loanisha mikono, ipapase chapati pande zote mbili, iweke kwenye kikaango cha moto sekunde 15 kila upande, kisha ikunje papo hapo ikiwa tupu. Ikishakunjika ikiwa na joto, ndipo uifungue na kujaza.

Na tortila za mahindi? Hapa nawaomba msipoteze sembe yenu. Tortila za mahindi za Meksiko hazitengenezwi kwa unga kama wetu. Mahindi yao huchemshwa na kulowekwa kwenye maji ya chokaa ya kupikia, ganda linalegea, na punje hubadilika kiasi kwamba unga wake ukiwekewa maji unashikana kama udongo wa kufinyanga. Sembe na dona havijapita huko, kwa hiyo donge lake linapasuka kingo na kumeguka ukikunja. Kama unataka ladha ya mahindi, changanya sehemu moja ya sembe laini na sehemu tatu za ngano. Chokaa ya kupaka nyumba isiguse chakula kabisa.

Imelowa, chini imekuwa kama uji

Chanzo ni maji, na maji hayo yanatoka sehemu tatu: nyanya, kuku wa mchuzi, na hoho mbichi.

Nyanya mbichi ndani ya kesadia siipendekezi. Ni maji matupu, na kwenye kikaango yanatoka yote. Nyanya iende kwenye kachumbari pembeni, ikiwa na kitunguu, ndimu na giligilani. Kuku wa mchuzi anafaa sana, ila mtoe kwenye mchuzi, mchambue, kisha mrudishe kwenye sufuria kavu juu ya moto na umgeuzegeuze hadi sufuria iache kutoa mvuke mwingi. Kijiko cha mchuzi mzito kinaweza kubaki kwa ajili ya ladha, lakini ukiinamisha sahani kusitiririke kitu. Hoho na kitunguu vikaange kwa moto mkubwa hadi vipate madoa ya kahawia. Ukivikaanga kwa moto mdogo huku umefunika, vitachemka kwenye maji yao na utayahamishia maji hayo kwenye kesadia.

Kuna chanzo cha nne ambacho watu hawakioni: kupanga kesadia moja juu ya nyingine kwenye sahani wakati unamalizia zilizobaki. Ya chini inalowa kwa mvuke wa ya juu. Ziegemeze kwenye wavu, au hata juu ya vijiti viwili vilivyolazwa kwenye sinia, hewa ipite chini.

Kuku mkavu, au kuku anayekataa kutafunika

Hizi ni dalili mbili tofauti na tiba zake zinapingana, kwa hiyo kwanza mjue kuku wako.

Kuku wa kisasa, broila, ana nyama laini, na kidari chake hukauka haraka. Kikishafika nyuzi 74 katikati kimeiva na ni salama. Kila dakika baada ya hapo unakamua maji yake. Kama huna kipimajoto, kata sehemu nene zaidi: maji yatoke meupe, na nyama isiwe na rangi ya waridi. Kidari kizima ni kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, ndiyo maana ncha inakauka kabla katikati hakujaiva. Kipasue kwa ubapa upate vipande viwili vyembamba, vipake chumvi, limao, kitunguu saumu na binzari nyembamba, vikaange kwa moto wa kati dakika tatu hadi nne kila upande. Viache vitulie dakika tano, kisha kata vipande vidogo kwa kuvuka nyuzi za nyama. Paja ni bora zaidi kwa mpishi mwenye haraka, kwa sababu lina mafuta na linavumilia kusahauliwa.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Nyama yake ina ladha ambayo broila hawezi kuifikia, lakini ina tishu ngumu zinazohitaji joto na maji kwa muda mrefu ili zilainike. Na hapa ndipo mwinuko unapoingia. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji hupoteza karibu nyuzi moja ya kuchemkia, kwa hiyo sufuria yako Mbeya inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Njombe chini ya hapo. Unaweza kuongeza kuni unavyotaka; maji yatapungua haraka zaidi lakini hayatapata joto zaidi. Mapishi yaliyosema dakika 45 yaliandikwa na mtu wa pwani. Mpe jogoo wa kienyeji saa moja na nusu, au tumia sufuria ya presha, ambayo hupunguza sana tofauti ya mwinuko, na nusu saa hadi dakika 40 zitatosha.

Kisha kuna kuku wa mayai waliomaliza kutaga, ambao huuzwa kwa bei nzuri. Kwa macho wanafanana na kuku yeyote wa kisasa, lakini ukimkaanga kama broila utatafuna hadi taya zichoke. Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, uliza tu: "Kaka, huyu ni wa nyama au wa mayai?" Muuzaji mwema atakwambia, "Huyu wa mayai, mama, mchemshe kwanza." Mfuate ushauri wake. Akishachemka vizuri huchambuka nyuzi ndefu ndefu, na nyuzi hizo zinashikana na jibini vizuri kuliko vipande vya broila. Kwa kesadia huyo ndiye kuku ninayempenda, ili mradi umemchemsha jana yake au asubuhi. Supu yake usiimwage.

Inafumuka wakati wa kugeuza

Umejaza kupita kiasi. Kwa chapati ya upana wa sahani ndogo, kiganja kimoja cha kuku na jibini ya kujaza viganja viwili vilivyolegea ndio mwisho. Panga hivi: jibini kwanza kwenye nusu ya chapati, kuku juu yake, jibini tena, halafu kunja. Jibini ikiwa upande mmoja tu wa kuku, upande mwingine hauna cha kushika. Acha nafasi ya upana wa kidole kwenye kingo. Geuza kwa mwiko bapa mpana ukiuelekeza mgongoni, pale chapati ilipokunjwa, ili mdomo ubaki juu wakati inapinduka. Na usikate ikitoka tu motoni; isubiri dakika moja au mbili jibini itulie, la sivyo yote itabaki kwenye ubao.

Ya kwanza nzuri, ya pili na ya tatu zinaungua

Kikaango kimeendelea kupanda joto, na masalia ya jibini na unga wa ile ya kwanza yameungua chini. Pangusa kwa kitambaa kikavu kati ya moja na nyingine, ondoa kikaango motoni wakati unajaza inayofuata, na pima kwa matone ya maji tena. Mafuta yawe ya kupaka tu, si ya kumimina. Chapati yako tayari ina mafuta, na jibini itaongeza yake. Ukimimina, kesadia inanyonya yote na vidole vinateleza.

Haina ladha

Chumvi ilikwenda kwenye chapati na jibini, kuku akasahaulika. Muonje kuku peke yake kabla ya kujaza. Anatakiwa awe amekolea kidogo zaidi ya vile ungemla kama kitoweo. Binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa ndiyo inayoleta ile harufu ambayo watu wanaitafuta kwenye chakula cha Meksiko bila kujua jina lake. Ongeza pilipili kichaa iliyokatwa ndogo sana, na limao mwishoni moto ukiwa umezimwa. Kwa pembeni, chuja mtindi kwenye kitambaa safi kwa saa moja, utie chumvi kidogo, na hutakosa chochote. Parachichi, ambalo Rungwe na Njombe tunalo la kutosha, lipondwe na limao na liliwe baridi. Likikaa ndani ya kesadia motoni linaingia uchungu.

Imefika mezani ikiwa imeganda

Jibini iliyopoa inakuwa kama mpira, na kwenye baridi ya kwetu hilo hutokea wakati bado unatafuta vijiko. Pasha sahani: zimiminie maji ya moto, zifute, weka chakula. Kesadia huliwa kwa awamu, kila mtu akipata ya moto inapotoka, kama tunavyokula mahindi ya kuchoma. Ukisubiri ziishe zote sita ndipo mkae mezani, ya kwanza itakuwa imeharibika.

Zilizobaki

Baridi ya jikoni isikudanganye kwamba kuku aliyeiva anaweza kulala mezani. Chumba chenye nyuzi 15 kinatufanya tuvae sweta, lakini bakteria bado wanakua humo. Friji inatakiwa iwe nyuzi 4 au 5. Ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, kesadia au kuku wake awe ameshaingia friji, na zile zilizobaki ziliwe ndani ya siku mbili au tatu. Usiku umeme ukikatika hadi asubuhi, kuku huyo usimle.

Kupasha, tumia kikaango kikavu, moto mdogo, umefunika dakika tatu, geuza, fungua mfuniko dakika mbili, hadi katikati iwe ya moto kweli na si vuguvugu. Maikrowevu huyeyusha jibini lakini huiacha chapati ikiwa na unyevu na kukaza ikipoa. Kama ni ya mtoto kubeba shule, pika asubuhi, iache ipoe kidogo kwenye wavu kabla ya kufunga, kata vipande vitatu, weka karatasi chini ya kontena inyonye mvuke, na umwambie aimalize mapumziko ya kwanza ya asubuhi, asiiweke hadi saa nane.